Chakula cha Shamba na Chakula cha Duka: Habari za Sengerema

Wanachama wengi huifungua karatasi hii kutafuta kwanza habari za bei ya karafuu, kisha za makonyo, kisha za njia za kupitishia magari. Leo twaomba nafasi ya kuzungumza juu ya jambo jingine, nalo ni chungu cha nyumbani. Atakayesema kwamba jambo hili halikihusu chama cha wakulima wa karafuu, na ajiulize fedha ya karafuu huenda wapi baada ya kulipwa. Sehemu yake kubwa huishia dukani, na katika hiyo inayoishia dukani nyingi hununua chakula. Basi mkulima wa karafuu auza kisicholiwa ili anunue atakachokula, na ni haki yake kujua amenunua nini.

Tena mkarafuu una desturi yake ambayo hakuna mwanachama asiyeijua: mwaka mmoja huzaa hata matawi yakavunjika, kisha hupita mwaka au miaka ya uchache. Mwaka wa mavuno nyumba hujaa boflo, siagi ya kopo, biskuti, soda na tambi za paketi. Mwaka wa uchache unapokuja, vitu hivyo vimekwisha kuwa mazoea kwa watoto, na konde la muhogo na viazi limeota magugu kwa kuwa hakuna aliyelishughulikia. Hapo ndipo nyumba hukopa dukani ili ile, na deni hulipwa kwa karafuu ambazo hazijatoa hata maua.

Tumetafuta mfano wa watu wenye hali kama yetu, tukaupata mbali na bahari, katika Sengerema, mkoa wa Mwanza. Nchi hiyo iko magharibi ya Ghuba ya Mwanza, katika pwani ya Ziwa Viktoria. Zamani mtu aliyetoka Mwanza kwenda huko alingoja kivuko Kamanga au Kigongo. Mwaka 2025 lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na sasa gari hupita juu ya maji. Wenyeji ni Wazinza na Wasukuma. Hulima mahindi, muhogo, mpunga na viazi vitamu, hufuga ng'ombe, huvua ziwani, na tangu zamani hulima pamba kwa ajili ya fedha. Pamba kwao ni kama karafuu kwetu: haliwi, haipikwi, na bei yake hupangwa na watu walio mbali.

Watu wa huko walikuwa na elimu yao ya kuhifadhi chakula kabla bwana afya yeyote hajafika. Kiazi kitamu hakikai sana kikisha kung'olewa, nacho huja kwa wingi wakati mmoja. Basi wao hukikata vipande kikiwa kibichi na kukianika, na hicho huitwa michembe. Au hukichemsha kwanza, kisha hukikata na kukianika, na hicho huitwa matobolwa. Vikikauka vyema hukaa ghalani miezi mingi, na wakati wa njaa ndivyo huokoa nyumba. Michembe hupikwa pamoja na kunde au karanga. Matobolwa mtu aweza kuyatafuna njiani au kuyanywea chai. Kadhalika hukausha majani ya kunde, ambayo huyaita nsansa, wakayala wakati wa kiangazi mboga zinapokuwa haba.

Twasema haya kwa sababu maalumu. Siku hizi twasikia kwamba chakula kilichotengenezwa ni kibaya, na mtu mjinga akilisikia neno hilo huenda akadhani kwamba kila kilichokaushwa au kusagwa kina madhara. Sivyo hata kidogo. Matobolwa yametengenezwa, ng'onda wetu ametengenezwa, na tui la nazi limetengenezwa. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja wa Brazili, Carlos Monteiro, alieleza tofauti hii vizuri. Alivigawa vyakula si kwa aina ya mmea au mnyama, bali kwa kazi vilivyofanyiwa. Kukausha, kusaga, kutia chumvi na kuchachua ni kazi za kale za jikoni. Lakini kuna chakula cha kiwandani ambacho ukisoma karatasi yake hukuti kitu ukijuacho: wanga uliobadilishwa, mafuta yaliyogandishwa, sukari ya namna tatu, rangi, harufu, na dawa ya kukifanya kisiharibike. Hicho ndicho kinachosemwa.

Na ubaya wake si uvumi. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake huko Marekani waliwaweka watu 20 katika hospitali kwa wiki nne. Wiki mbili waliwapa chakula cha kiwandani, wiki mbili chakula cha kupikwa, na kila mtu alikula kiasi alichotaka. Sukari, mafuta na chumvi zilizowekwa mezani zilikuwa sawasawa katika namna zote mbili. Hata hivyo katika wiki za chakula cha kiwandani watu walikula zaidi, kiasi cha kalori 500 kwa siku, wakanenepa. Katika wiki za chakula cha kupikwa walipungua. Maana yake ni kwamba chakula hicho humpita mlaji kabla tumbo halijapata nafasi ya kusema basi. Ama soda, hesabu yake ni nyepesi: chupa ya mililita 350 huwa na gramu 35 au zaidi za sukari, yaani vijiko vya chai vinane au tisa. Shirika la Afya la Ulimwengu lashauri kwamba sukari ya kutiwa isipite gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ingefaa zaidi isipite 25. Hakuna mwanamke wa Pemba atakayetia vijiko tisa katika kikombe cha mgeni, lakini mtoto wake hunywa hivyo akiwa amesimama barazani.

Turudi Sengerema, maana huko tatizo lina sura mbili. Sura moja ni hiyo ya duka, ambayo imefika vijijini pamoja na barabara na pikipiki. Sura ya pili ni ya kale zaidi: mtoto hushiba lakini hapati lishe. Ugali wa muhogo, au wa sembe nyeupe iliyokobolewa hata ikawa kama chokaa, hujaza tumbo, lakini hauna cha kujenga damu, macho wala mifupa. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani ni wafupi kuliko umri wao. Mwaka 2015 na 2016 walikuwa 34. Imepungua, lakini bado ni mtoto mmoja karibu katika kila watatu, na udumavu ukisha kumpita mtoto miaka miwili ni shida sana kuurudisha.

Katika upungufu huo mmoja wa hatari ni wa vitamini A. Mtoto aliyeikosa huona vizuri mchana, jua likitua hujikwaa kama kipofu. Akiendelea kuikosa jicho hukauka na kuharibika kabisa. Tena mwili wake hauna nguvu ya kupigana na surua na kuhara. Dawa ya matone hutolewa kliniki, nayo ni njema, lakini dawa hutolewa mara mbili kwa mwaka na chakula huliwa kila siku.

Sasa tazama: watu wa Kanda ya Ziwa ni walaji wakubwa wa viazi vitamu, na kiazi waliokizoea ni cheupe ndani. Kiazi cheupe hakina kitu cha kufanya vitamini A. Kiazi chenye nyama ya rangi ya chungwa, ambacho Bara hukiita kiazi lishe, kinacho kwa wingi; kiazi kimoja kidogo, gramu 125 hivi, chatosha haja ya siku nzima ya mtoto mdogo. Basi wataalamu wakaona kwamba haina haja ya kumfundisha mtu kula kitu kigeni. Abadilishe mbegu tu, aendelee kula viazi kama babu zake. Uganda walitoa mbegu ya Ejumula mwaka 2004, na baadaye Kabode. Kuanzia 2009 hata 2012 mradi ulioitwa Marando Bora ulizigawa mbegu hizo pamoja na mbegu bora za wenyeji katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Kagera, na kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho kusini ya mji wa Mwanza, kilikuwa na mkono katika kazi hiyo. Mwaka 2016 watu wanne walipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia: Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade, Jan Low, na Howarth Bouis. Watatu wa kwanza walipewa kwa ajili ya kiazi hiki. Twapenda mwanachama alijue jina la Mwanga, kwa sababu magazeti hupenda kutuambia kwamba elimu ya chakula hutoka Ulaya.

Je, kugawa mbegu kulitosha? Hapa ndipo kiini cha maneno yetu. Katika miaka ya 1990 huko Nyanza ya Kusini, Kenya, katika pwani ya ziwa lile lile, vikundi vya akina mama vilijaribiwa. Vyote vilipewa mbegu ya viazi vya rangi. Baadhi vilipewa mbegu tu na kuonyeshwa kuipanda. Vingine vilipewa na mafunzo ya lishe na ya mapishi. Katika vikundi vilivyofundishwa kupika, watoto walizidi kula vyakula vyenye vitamini A. Katika vilivyopewa mbegu tupu, hawakuzidi. Kiazi kilikuwa shambani lakini hakikumfikia mtoto, au kilimfikia kimeharibiwa. Baadaye huko Msumbiji, katika Zambezia, mbegu na mafundisho viliunganishwa tangu mwanzo, na damu ya watoto ilipopimwa vitamini ilionekana imeongezeka.

Na kweli kuna mengi ya kufundishwa, ambayo mtu hawezi kuyajua kwa kutazama. Rangi ile ya chungwa hupotea kwa jua. Mama akikikata kiazi lishe na kukianika juani siku kadhaa kama michembe ya zamani, amepata wanga, sehemu ya vitamini amempa jua. Na hata kikianikwa kivulini, kikikaa ghalani miezi minne sehemu kubwa imekwisha. Kwa hiyo michembe ya kiazi cheupe iendelee kuwa akiba ya njaa, na kiazi lishe kiliwe kingali kibichi kutoka shambani, kichemshwe na ganda lake, chungu kikifunikwa. Jambo la pili ni mafuta. Vitamini hii haiyeyuki katika maji bali katika mafuta, na mtoto anayekula kiazi kitupu huitoa nyingi alivyoiingiza. Huko Sengerema hutia karanga zilizopondwa au kijiko cha mafuta ya kula. Sisi wa visiwani twaweza kucheka hapa, maana bibi zetu waliopika viazi kwa tui la nazi walikuwa wamefika zamani bila kupima damu ya mtu. Jambo la tatu ni matembele, ambayo nayo yana vitamini hiyo hiyo na chuma juu yake. Wengi huyachemsha hata yakawa meusi, wakamwaga maji. Dakika chache zatosha, na maji yake yabaki katika mchuzi.

Tena kuna lalamiko la watu wazima, kwamba kiazi lishe kina majimaji na hakina unga mdomoni. Lina ukweli. Mtu mzima wa Kisukuma ataka kiazi kikavu cha kumkwama kidogo, ndipo aone amekula. Wazalishaji wa mbegu walilisikia, na Ejumula na Kabode ni vikavu kuliko zile za kwanza zilizotoka ng'ambo. Lakini watoto hawalalamiki. Wao hupenda kilicho laini na kitamu.

Njia ya kufundisha nayo yataka busara. Tanzania ilikuwa na kampeni kubwa za redio, Mtu ni Afya mwaka 1973 na Chakula ni Uhai mwaka 1975, ambapo watu walikaa vikundi vikundi wakasikiliza, wakazungumza, wakapatana la kufanya. Mwaka huo wa 1973 ndipo ilipoundwa na Taasisi ya Chakula na Lishe. Redio ni njema kwa kuamsha, lakini mapishi hayafundishiki kwa redio. Darasa linalofaa ni la jikoni: akina mama waje na walicho nacho siku hiyo, huyu na dagaa, yule na majani ya maboga, mwingine na karanga, wapike pamoja na watoto wao wale pale pale. Mwalimu akija na maziwa ya kopo na kuku aliyenunua mjini, wanafunzi watakula, watashukuru, na kesho watarudi kwenye ugali mtupu, kwa sababu hawana kuku wala kopo. Na twaongeza neno letu: bibi mzaa mama aitwe darasani, maana ndiye amlishaye mjukuu mama akiwa shamba, na baba aitwe pia, kwani ndiye ashikaye fedha, na mara nyingi ndiye aletaye biskuti jioni akidhani amefanya ihsani.

Habari ya dagaa haina budi kusemwa. Ziwa Viktoria huvuliwa dagaa wengi, usiku wa giza, kwa taa. Huyu ndiye samaki wa maskini na ndiye bora kwa mtoto, kwa sababu huliwa mzima, mifupa na yote, na humo mna chokaa ya mifupa na chuma. Zamani walianikwa mchangani, wakala mchanga pamoja nao. Kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi huwatoa safi na hupata bei zaidi. Lakini sehemu kubwa ya dagaa hao husagwa wakawa chakula cha kuku na nguruwe. Yaani gari la dagaa hupita mbele ya nyumba yenye mtoto aliyedumaa, likienda kulisha kuku. Ama sangara, aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, tangu viwanda vilipojengwa Mwanza katika miaka ya 1990 minofu yake huenda ng'ambo, na wenyeji wengi wakabakiwa na vichwa na mifupa, waviitavyo mapanki. Nasi visiwani tusijione bora. Dagaa wetu wa kuchemsha na kukausha huuzwa hata Kongo, na hilo ni jema kwa fedha. Lakini je, mfuko mmoja ulibaki nyumbani?

Sasa tuseme yatakayofaa kwetu. Kwa mtoto aliyetimiza miezi sita, pamoja na kunyonya, chemsha kiazi cha rangi ya chungwa, kiponde, tia kijiko cha unga wa dagaa na vijiko viwili vya tui zito. Unga wa dagaa hufanywa hivi: waoshwe mchanga uishe, wakaushwe tena, wakaangwe kidogo bila mafuta hata wawe wa kuvunjika, watwangwe na kuchekechwa, uwekwe katika chupa kavu yenye kifuniko. Wasiwe dagaa waliotiwa chumvi nyingi, maana figo za mtoto hazijawa tayari kwa chumvi. Kwa watoto wa skuli, maandazi yaweza kupikwa kwa vikombe viwili vya unga wa ngano na kikombe kimoja cha kiazi kilichopondwa. Maji yapunguzwe, na sukari ipunguzwe pia, kwani kiazi kimekwisha kutia utamu. Andazi hilo hutoka la njano, nalo halikauki upesi kama lile la unga mtupu. Kwa wachumaji wakati wa mavuno, ambao siku hizi hupelekewa soda na boflo chini ya mkarafuu, chungu cha viazi na kunde kwa nazi hushikilia tumbo hata alasiri, na hesabu yake kwa watu kumi ni ndogo kuliko ya soda kumi. Mwenye shamba na afanye hesabu hiyo mwenyewe kwa bei ya duka lake.

Yasemwayo juu ya sembe na dona yahusu mchele wetu kadhalika, lakini Mzanzibari hatauacha mchele mweupe kwa kusoma karatasi, basi tutalipita.

Shida kubwa ya kiazi lishe, kule Sengerema na hapa, ni mbegu. Marando hufa kiangazi kikiwa kirefu, na mvua ikinyesha mtu huanza kuomba kwa jirani. Tena virusi, vinavyoenezwa na nzi weupe na vidukari, huzidi kila mwaka mtu akatapo marando katika shamba lile lile bila kuchagua; jani likijikunja na mmea ukidumaa, mche huo ung'olewe, wala usipewe mtu. Huko Uganda walijaribu njia nyepesi, ambayo yeyote aweza kuifanya. Wakati wa kuvuna chagua viazi vya kadiri, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi, kutoka katika mashina yenye afya. Vipange ndani ya beseni au ndoo kuukuu, tabaka la mchanga mkavu na tabaka la viazi, visigusane, juu ufunike kwa mchanga, uweke mahali penye kivuli na pasipo panya. Vitachipua humo humo. Wiki sita au nane kabla ya mvua vipande katika kitalu kidogo karibu na kisima, uvinyweshe, na mvua ikianza utakuwa na marando yako ya kukata. Kwa anayengojea masika ya mwezi wa tatu, viazi vitoke mchangani katikati ya Januari. Na kwa kuwa wakati huo wengi wetu tungali na karafuu majamvini, kazi hiyo apewe mtu wa nyumbani mapema, na kitalu kizungushiwe makuti kuku wasiingie.